Lori Linalobeba Chumvi

Mafundi wa boti wana maringo, na huyu alizidi. Mtaani walimwita Nanga, kwa sababu jambo akishalishikilia halinyanyuki, naye miaka yote alidhani wanamsifu. Ufundi alifundishwa na baba yake mdogo, na kama baba yake mdogo, hakujua kuogelea. Hata boti ikiwa imefungwa gatini, kamba mbele, kamba nyuma, yeye alishuka chumba cha injini akiwa amevaa jaketi la kuokolea maisha, rangi ya chungwa, limemvimba kifuani kama kuku anayeatamia. Ukimcheka, alikujibu: "Kwani daktari wa meno lazima awe na jino bovu?"

Maringo yake yalisimama juu ya amri moja: spea ya gari haiingii majini. Gari na boti, alisema, ni kama mtu na mama mkwe wake. Wanaheshimiana, ila kwa mbali. Spea zake yeye zilitoka kwa wakala, ndani ya boksi jeupe lenye picha ya usukani wa meli, kwa bei ambayo ukitajiwa unaomba kiti kwanza. Siku moja alikwangua rangi nyeupe ya pampu mpya, akakuta chini yake namba zilezile zilizo kwenye pampu ya lori la mchanga. Alichofanya ni kuchukua brashi na kuipaka tena. Kuna mambo hufunikwa kwa heshima, kama maiti.

Lakini tusimwonee. Chuki yake haikuanzia kwenye chuma. Ilianzia kwa muuza chuma.

Muuza spea za magari pale mjini walimwita Grisi. Duka lake lilikuwa katikati ya mtaa wa gereji, na jina alilipata kwa ulimi wake, maana maneno yake hayakuwahi kumkwaruza mtu. Alikuwa msafi kuliko inavyoruhusiwa katika kazi ile: kucha nyeupe, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Na Grisi huyu ndiye aliyetangulia kumposa mke wa Nanga.

Alikuja na manukato, akaja na viatu, akaja na maneno. Nanga alikuja nyuma yake mikono mitupu, akakuta pale nyumbani pampu ya kisima imekufa. Akaifungua, akaifufua, na maji yalipotoka mama wa binti akapiga makofi, akasema, "Huyu hapa!" Harusi ikafanyika. Watoto wakaja, mabinti wawili kwa mpigo, mke akawa Mama Pacha na yeye Baba Pacha. Na bado kulikuwa na swali lililomsugua kama kokoto ndani ya kiatu: je, alichaguliwa na mke, au alichaguliwa na tangi la maji?

Hakuwahi kuuliza. Mwenye wivu haulizi anachotaka kujua. Anauliza vingine vyote. Mama Pacha akirudi sokoni anatabasamu, yeye: "Umepitia njia gani?" Akipaka mafuta kichwani, yeye: "Leo kuna nini?"

"Leo kuna nywele, Baba Pacha. Na jana zilikuwepo."

Basi mambo yalikwenda hivyo, ndoa ikisaga taratibu bila kuvunjika, mpaka pampu ya boti ilipokufa.

Boti yenyewe ilikuwa ya kuvusha watu, asubuhi kuwapeleka kazini ng'ambo na jioni kuwarudisha. Mwenye boti ndiye aliyeiendesha, mwanamke mnene mwenye sauti ya honi, na kila mtu alimwita Nahodha. Pampu iliyokufa ni ile inayozungusha maji matamu ndani ya injini ili isijichemshe. Beringi ilikuwa imelegea hadi puli, lile gurudumu la mkanda, inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Sili, ule mpira wa kuzuia maji, inavuja. Na impela, kile kigurudumu chenye mapezi kinachosukuma maji, kutu ilikuwa imekilamba hadi mapezi yamekwisha; kimebaki kama biskuti iliyosahauliwa kwenye chai.

Wakala wa spea alisema pampu ipo. Iko kwenye meli. Meli iko safarini. Safari, Mungu anajua.

Nahodha aliinama kwenye mlango wa chumba cha injini, akamwangalia Nanga na jaketi lake.

"Abiria wangu wanarudi kazini Jumatatu. Watapanda nini, boksi la wakala?"

"Nahodha, vumilia kidogo."

"Nimevumilia waume wawili, siwezi kuvumilia na pampu. Yule bwana wa duka la spea, yule mnadhifu, ameniambia hii injini yangu ni ya lori lililovalishwa nguo za baharini. Anasema anaweza kuifufua kwa vitu vilivyo rafuni kwake. Jumatatu isipowaka, namleta humu ndani."

Humu ndani! Nanga aliona kila kitu palepale, kwa rangi. Aliona zile kucha nyeupe zimeshika spana yake. Aliona Mama Pacha, anayemletea chakula cha mchana gatini, anashuka ngazi na sufuria, anakuta mwanamume mwingine amekaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa. Akaona na sufuria inafunuliwa.

"Jumatatu itawaka," alisema.

"Kwa spea za nani?"

"Zangu."

Alirudi nyumbani ameibeba pampu kwenye mfuko wa simenti. Ukweli aliujua tangu siku ile ya brashi: bodi ya pampu ilikuwa nzima, na beringi, sili na impela ya lori vingeingia humo kama mtoto kwenye nguo ya pacha wake. Tatizo ni kwamba mjini duka lenye vyote vitatu lilikuwa moja. Kwenda mwenyewe kwa Grisi, kusimama mbele ya kaunta ile na kusema "naomba" — bora azame, na jaketi avue.

Hapo ndipo wivu ulipomshauri. Wivu una akili zake, na hazifanani na za watu wengine. Ili Grisi asimwone yeye ameshindwa, aliamua kumtuma dukani kwa Grisi mke wake.

"Mimi?" Mama Pacha aliacha kukunja nguo. "Mimi niende pale? Wewe ambaye mwaka jana ulininyima kununua balbu mtaa ule?"

"Kazi ni kazi. Chukua hii shafti na beringi yake, na sili hii. Mpe aangalie. Na impela."

"Impela iko wapi?"

"Imekwisha, haina sura ya kuonyesha. Taja tu. Ila sikiliza." Alishusha sauti, ingawa waliokuwepo ni wao na pacha waliolala sakafuni wakichora. "Usiseme ni ya boti. Sema ni ya lori."

"Lori gani?"

"La mchanga. Akikuuliza hivi ni lori, akikuuliza vile ni lori. Akuapishe, ni lori."

"Na akiniuliza tuna lori tangu lini?"

"Mama Pacha!"

"Haya, ni lori."

Akajifunga vizuri, akaenda. Nanga alikaa kitini. Akasimama. Akakaa. Kisha akakumbuka, kwa bahati nzuri, kwamba alikuwa na shughuli mtaa wa gereji, ingawa hakukumbuka shughuli gani.

Ng'ambo ya duka la Grisi kulikuwa na lori limeegeshwa, akajibanza nyuma yake. Sauti hazikumfikia, lakini macho yalimtosha kujiumiza. Alimwona Grisi anavuta kiti. Alimwona anakifuta kwa kitambaa, kitambaa safi, nani ana kitambaa safi kwenye duka la spea? Mama Pacha akakaa. Grisi akaishika ile shafti, akaigeuza kwenye mwanga, akainusa. Akasema neno. Mama Pacha akasema neno. Grisi akacheka, kichwa nyuma, meno yote hadharani. Akainama kwenye kaunta, akauliza kitu, taratibu, kama mtu anayebembeleza. Mama Pacha akatikisa kichwa. Grisi akauliza tena. Mama Pacha akatikisa tena, na akajishika sikio, kama anavyofanya akiona haya.

Haya! Haya ya nini? Kwa beringi mwanamke anaona haya?

Wakati huohuo lori likawashwa, likaondoka zake, na Nanga akabaki amechuchumaa katikati ya barabara kavu kama chura. Akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Nyumbani alimpokea mkewe kama aliyekuwa amekaa palepale muda wote, ila alikuwa anahema.

"Umechelewa."

"Nimekuja na wewe karibu pamoja, Baba Pacha. Nimekuona kona ile unakimbia. Shika spea zako." Akaweka furushi mezani. "Amekusalimu sana. Amesema, 'Mpe shemeji hai.'"

"Shemeji yake nani? Nimemwoa dada yake?"

"Alitaka mke akakosa, amebaki na shemeji. Mwachie hilo."

"Na kingine alisema nini?"

"Aliuliza habari za lori."

"Na wewe?"

"Nikasema lori halijambo." Akaenda zake jikoni.

Nanga aliifunga pampu ile kwa mikono iliyojaa chuki, na chuki, tuseme ukweli, haikuharibu kazi. Aliipasha bodi moto, akaibana beringi kwa jiliwa mpaka ikaingia bila kigugumizi. Sili akaikalisha kwa ustadi wa mtu anayevisha pete. Impela mpya iling'aa. Aliiangalia kwa muda mrefu akitafuta alama za vidole. Akaishindilia kwenye shafti. Halafu akaipaka pampu nzima rangi nyeupe, isijulikane imetoka wapi.

Jumapili aliifunga kwenye injini, akajaza maji na kulanti, dawa ya kupoza injini, akawasha. Nahodha alisimama juu na mikono kiunoni. Pampu ikazunguka kimya kama imepakwa siagi. Hakukuwa na tone wala mtetemo. Nanga alifuta mikono, akaanza kuandaa uso wa ushindi.

Mshale wa geji ya joto ukapanda.

Ulipanda kistaarabu kwanza. Kisha ukapanda kama unafukuzwa. Injini ikaanza kunuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya suruali, akaizima kwa kuirukia. Akatoa hewa kwenye mabomba, akawasha: mshale ukapanda. Akafungua themostati, kile kilango kinachopitisha maji yakipata moto, akaitazama, nzima. Akawasha bila hiyo: mshale ukapanda. Pampu inazunguka, haivuji, na maji ndani hayaendi popote.

"Nanga," ilisema sauti ya honi kutoka juu, "tunapika nini?"

Na hapo, badala ya kufikiria pampu, alifikiria kile kiti kilichofutwa. Ikamjia yote kwa mkupuo. Yule mtu amemuuzia spea yenye hila! Ameitia kasoro makusudi ili Jumatatu isiwake, ili aitwe yeye, ashuke ngazi zile, akae kwenye ndoo ile.

"Nimwite?" Nahodha aliuliza.

"Namfuata mwenyewe!"

Aliifungua pampu ikiwa bado ya moto, akaifunga kwenye kipande cha gunia, akatoka. Alipita sokoni, akapita mbele ya shule, akaingia mtaa wa gereji, na kila aliyemwona alimpisha njia akiwa na tabasamu, naye akadhani ni woga. Aliitupa pampu juu ya kaunta ya Grisi ikalia ngaa!

"Umeniuzia nini wewe?"

Grisi alikuwa peke yake, anapanga plagi. Aliitazama pampu. Akamtazama Nanga, kuanzia juu hadi chini, kisha akarudi katikati.

"Karibu, shemeji. Lori lako limezama?"

Nanga alijitazama. Lile jaketi la rangi ya chungwa lilikuwa bado liko mwilini, limefungwa hadi kidevuni.

Mtu mwingine angecheka. Nanga alisema, "Mimi huvaa tu."

"Sawa. Niambie shida."

"Inazunguka lakini haisukumi. Umeitia dawa gani?"

Grisi akachukua bisibisi na spana, akaifungua, akaitoa impela, akaiweka juu ya kiganja kisafi. "Tazama mapezi haya yalivyopinda. Kwenye lori, mkanda unaikamata puli kwa tumbo, upande wa ndani. Pampu inazunguka huku, mapezi yanachota maji na kuyatupa. Sasa huko kwenye… kwenye lori lako. Mkanda unapitaje?"

Nanga akafumba macho. Aliona ule mkanda, aliouona kila siku kwa miaka, unavyopinda juu ya puli.

"Kwa mgongo," alisema.

"Basi inazunguka kinyume. Mapezi yanafanya kazi kama mtu anayefagia kwa mpini. Ile ya zamani isingekuwa imeliwa, ungeona mwenyewe imepinda upande mwingine. Hizo injini za boti waliozipanga walizipanga hivyo, nafasi ndogo. Kuna na mabasi ya zamani ya namna hiyo." Aligeuka kwenye rafu nyuma yake. "Impela ya basi ninayo. Injini ileile, imepinda upande wako."

"Ulijua!" Nanga alipiga kaunta. "Ulijua ni boti na ukanipa ya lori!"

"Nilishuku. Nilimuuliza mkeo. Ile shafti ilikuwa nyeupe kwa chumvi, nikanusa, nikamwambia, 'Mama Pacha, lori hili linaogelea?' Unajua alinijibu nini?"

"Nini?"

"'Linabeba chumvi.'"

Nanga aliondoa mkono juu ya kaunta.

"Nikacheka mpaka machozi. Nikamwambia, dada yangu, mimi sitamcheka mtu, ila kama ni boti niambie, maana impela zake zinatofautiana, nikikupa isiyo yake mumeo ataunguza injini. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza tena. Akasema, 'Mume wangu amesema lori, basi ni lori.' Ningefanyaje? Nikampa ya lori."

Grisi aliiweka ile impela chini na kuanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Yule hajui kusema uongo," alisema. "Akijaribu anajishika sikio. Wakati ule namposa, nilimwomba amwambie mama yake kwamba mimi sivuti sigara. Kitu kidogo tu. Akakataa. Akasema, 'Siwezi kumdanganya mtu kwa ajili yako.' Na juzi alikaa kwenye kiti kile, wima, masikio yamemwiva, ananidanganya mchana kweupe kwa ajili ya lori lako. Nilikuonea wivu, shemeji. Wivu wa kufunga duka."

Nanga aliangalia kile kiti. Kilikuwa kiti cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya. Injini ya watu ilinusurika kuungua, jina lake lilinusurika kwenda na maji, na yeye alikuwa anahisi kifuani, chini ya lile jaketi, furaha ya kijinga kama ya mtu aliyeokota pochi.

"Alisema chumvi?"

"Chumvi."

"Hata mimi nisingewaza."

"Ndiyo maana alitumwa yeye."

Grisi akaifunga impela ya basi kwenye gazeti. Kisha akaomba jambo moja, kwa unyonge ambao Nanga hakuutarajia: aruhusiwe kwenda kuiona. Miaka yote anauza vyuma, hakuna hata kimoja alichowahi kukiona majini. Nanga akavuta pumzi hadi jaketi likalia.

"Utashika tochi," alisema. "Tochi tu."

Ikawa hivyo. Walishuka pamoja, Grisi amekunja mikono ya shati, Nanga akifunga bolti na kumzuia kila anapotaka kusogea. Wakawasha. Mshale ukapanda hadi katikati ya geji, ukasimama hapo, ukatulia kama mzee aliyepata kivuli. Nahodha akaunguruma huko juu, safari hii kwa furaha, akauliza nani amefanya.

"Mimi," alisema Nanga. Ile tochi ilikuwa inamulika usoni kwake. "Mimi na huyu wa tochi."

Na hapo Mama Pacha akashuka na sufuria. Akawakuta wawili, kila mmoja mweusi hadi viwikoni, akawatazama kwa zamu. Grisi alikuwa amekalia ile ndoo. Mama Pacha akafunua sufuria na kumpakulia mgeni kwanza, kama adabu inavyotaka, na mgeni akapata kipande kikubwa. Nanga alikiona. Alikipima kwa macho, akakilinganisha na chake, na ile furaha ya chumvi ikapungua ujazo.

Tangu siku ile alitoa sheria mpya nyumbani: kwa Grisi haendi mtu, ataenda yeye. Ikihitajika sili, anakwenda yeye. Ikihitajika bolti moja, anakwenda yeye, na anakaa kidogo kuhakikisha. Halafu alianza kwenda hata pasipohitajika kitu, maana mtu mjanja kama yule huwezi kumwacha peke yake bila macho. Walibishana kuhusu beringi. Walibishana kuhusu mipira. Grisi akanunua kiti cha pili.

Wakala wa maboksi meupe alipoona oda zimekauka, alikuja mwenyewe gatini kuuliza, akaambiwa fundi yuko mtaa wa gereji.

Mwishowe Mama Pacha alimsimamia mlangoni, asubuhi moja, amebeba beseni la nguo.

"Unakwenda wapi?"

"Pale kwa… kuna gasketi."

"Umepitia njia gani jana, mpaka ukarudi jua limezama?"

"Mama Pacha, namchunga yule."

"Unamchunga asifanye nini, na mimi niko hapa nafua? Wanaume wawili walinitaka. Mmoja nilimkataa, mmoja nikamchukua. Sasa nyie mmechukuana, mimi mmeniachia watoto!" Alitua beseni chini kwa kishindo. "Na hayo mafuta uliyopaka kichwani. Leo kuna nini?"

Nanga alijishika sikio.

"Gasketi," alisema.